Kondoo wa Bi. Heelis: shajara ya safari ya kaskazini mwa Uingereza

Ijumaa. London

Tumeanzia mahali ambapo hakuna cha kuona. Pembeni mwa barabara ya Old Brompton, upande wa Kensington, ipo shule ya msingi iitwayo Bousfield, na kibao cha ukutani kinaeleza kuwa Beatrix Potter, mwandishi na mchoraji wa hadithi za sungura Peter, ambaye baada ya kuolewa aliitwa Bi. Heelis, alikaa hapa. Nyumba yenyewe, namba 2 Bolton Gardens, iliharibiwa na mabomu ya Wajerumani katika Vita Kuu ya Pili, na baadaye shule ikajengwa juu ya kiwanja. Mpwa wangu, ambaye shule yao huko Leicester imefunga jana kwa likizo fupi ya Mei, alikisoma kile kibao, kisha akanitazama.

"Mjomba, umenileta likizo kuangalia shule?"

Nikamwambia avumilie, maana mwandishi tunayemfuata naye aliishi hapa kwa kuvumilia. Alizaliwa tarehe 28 Julai 1866 na hapa pakabaki ndipo kwao mpaka alipoolewa, akiwa na miaka 47. Baba yake, Rupert, alisomea uwakili lakini siku zake zilikwisha klabuni na nyuma ya kamera. Hakuwa na shida ya riziki, kwa kuwa koo zote mbili, ya mume na ya mke, zilitajirika kwa pamba ya kaskazini. Babu mzaa baba, Edmund Potter, alikuwa na kiwanda kikubwa cha kuchapa vitambaa si mbali na Manchester. (Manchester hiyohiyo ndiyo iliyochapa kanga nyingi za bibi zetu, lakini hiyo ni safari nyingine.)

Binti hakupelekwa shule. Mdogo wake wa kiume, Bertram, alipofikia umri akapelekwa bweni. Yeye akaendelea kufundishwa ghorofani na walimu wa kike walioajiriwa, katika hali ambayo watu wa pwani wangesema ametawishwa. Wenzake walikuwa wanyama: sungura, panya, popo, mijusi, vyura, kalunguyeye. Aliwachora wakiwa hai, wamelala, wanakula. Na walipokufa, yeye na Bertram waliwachemsha mpaka nyama ikaachana na mifupa, wakaunga kiunzi upya ili wakichore nacho.

Mpwa wangu aliomba nirudie hapo. Nikarudia. Uso ulichangamka, na nadhani kwake safari ilianzia pale.

Kingine cha nyumba hii ni shajara. Tangu akiwa na umri wa kama miaka 15, Beatrix aliandika kwa alama za siri alizozibuni mwenyewe, kwa herufi ndogo mno. Karatasi zilikaa bila kusomeka hata baada ya kifo chake. Mpenzi mmoja wa kazi zake, Leslie Linder, alihangaika nazo miaka kadhaa. Mwaka 1958 jicho lake likanasa "XVI" na mwaka 1793 ndani ya ukurasa mmoja, akawaza kuhusu mfalme Louis wa 16 wa Ufaransa aliyekatwa kichwa mwaka huo, na kutoka hapo akafumbua alama moja baada ya nyingine. Mwenye kutarajia mapenzi ya siri atachoka upesi. Humo mna maonyesho ya picha, siasa, mazungumzo ya wakubwa, na hukumu kali juu ya wachoraji mashuhuri wa wakati ule. Binti alikuwa anaficha maoni.

Jumamosi. Treni ya kaskazini

Kutoka Euston hadi Oxenholme, kisha kagari kadogo hadi Windermere, mwisho wa reli. Reli hii ilifika mwaka 1847, na ndiyo iliyowaleta matajiri wa viwanda kupumzika kando ya maziwa. Akina Potter walikuwa miongoni mwao. Kila kiangazi walihamisha nyumba nzima, watumishi na sungura pamoja. Kwanza walizoea Scotland, kisha mwaka 1882 wakakodi Wray Castle, ngome ya kuigiza iliyojengwa kando ya ziwa Windermere na daktari mmoja wa Liverpool. Beatrix alikuwa na miaka 16. Huko akakutana na kasisi Hardwicke Rawnsley, mtu mwenye kelele nyingi juu ya kulinda milima na maziwa dhidi ya reli na viwanda, ambaye mwaka 1895 alikuwa mmoja wa waasisi watatu wa National Trust, shirika la kuhifadhi ardhi na majengo ya kale. Jina hilo tutalikuta kila tutakapokanyaga wiki hii.

Ndani ya treni nilimsimulia mwenzangu habari ya barua. Tarehe 4 Septemba 1893, akiwa Dunkeld, Scotland, Beatrix alimwandikia mtoto Noel aliyekuwa mgonjwa kitandani. Noel alikuwa mwana wa mwalimu wa zamani wa Beatrix, Annie Moore. Beatrix alianza kwa kukiri kwamba hana la kumwandikia, hivyo atamsimulia habari ya sungura wadogo wanne. Pembeni ya maneno akachora. Noel akaitunza ile barua. Miaka saba baadaye mwandishi akaiazima kwake aiige, aifanye kitabu cha sungura Peter.

Wachapishaji wakakataa, mmoja baada ya mwingine. Kasisi Rawnsley naye, kwa nia njema kabisa, akaigeuza hadithi nzima kuwa mashairi akidhani itauzika. Kwa bahati haikuuzika. Mwishowe, Desemba 1901, Beatrix akachapisha nakala 250 kwa fedha zake. Alitaka kitabu kidogo kinachotosha mkono wa mtoto, na bei ambayo mtoto angeweza kuimudu. Kampuni ya Frederick Warne ikabadili mawazo, ikakitoa Oktoba 1902 kwa nakala 8,000, na kabla ya mwaka kwisha nakala 28,000 zilikuwa zimeshachapwa. Lakini kule Marekani hakimiliki haikusajiliwa, watu wakakichapa watakavyo bila kumlipa hata senti. Somo likamwingia. Mwaka uliofuata alishona mwanasesere wa sungura wake kwa mikono yake, akamsajili ofisi ya hataza kabla mjanja mwingine hajawahi.

Windermere tumefika jioni. Mji umejaa sungura: vikombe, soksi, sabuni, biskuti. Tulipita bila kununua, jambo lililoleta ubishi mfupi.

Jumapili. Near Sawrey

Mvua toka alfajiri, ile nyembamba isiyo na sauti. Kutoka Bowness njia ya miguu kwenda kivukoni inapita Cockshott Point, ulimi wa nyasi unaoingia ziwani, na hapo tulisimama makusudi. Mwanzoni mwa miaka ya 1910 ilitaka kujengwa hapa karakana ya ndege za kutua majini, na Beatrix akaandika barua na kukusanya saini kupinga, akilalamikia kelele zinazoshtua farasi wa kwenye pantoni. Kisha mwaka 1927 eneo hili likawa hatarini kujengwa majumba. Safari hii aliwageukia wasomaji wake wa Marekani: akachora picha 50 kwa mkono, akazitia saini, zikauzwa gini moja moja, yaani pauni moja na shilingi moja kila picha, kuchangia ununuzi wa ardhi hii. Walewale ambao vitabu vya wizi viliwafikia kwanza, sasa walilipia kiwanja wasichokijua. Leo mbwa wanakimbia hapa na watoto wanalisha bata.

Pantoni ya Windermere inavutwa kwa nyaya zilizolala chini ya maji, inabeba magari kama 18, na kwa aliyezoea msongamano wa Kigamboni inaonekana kitu cha kuchezea. Dakika chache tu, tukashuka upande wa pili. Kutoka hapo tulipanda mguu kwa mguu kupitia Far Sawrey hadi Near Sawrey. Kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji zimefuata njia yote, kijani kila upande, na kondoo wamejibanza kwenye kuta kukwepa mvua.

Hill Top ni nyumba ndogo. Watu huingizwa kwa zamu, na tiketi ina saa yake. Beatrix aliinunua mwaka 1905, pamoja na shamba la ekari 34, na namna alivyoinunua inahitaji kusimuliwa taratibu.

Mhariri wake pale Warne alikuwa Norman, mwana mdogo wa familia ile, mwanamume mpole aliyejua useremala. Kwa miaka mitatu waliandikiana karibu kila siku, barua za kazi tupu: ukubwa wa ukurasa, rangi, neno gani liondoke. Alipotaka kuchora chakula cha nyumba ya wanasesere, Norman ndiye aliyemtafutia vile vyakula vya plasta kutoka duka la Hamleys. Julai 1905 Norman akamposa kwa barua. Wazazi wa Beatrix wakakataa. Kijana ni mfanyabiashara, walisema, si hadhi yetu. Hao ambao utajiri wao wote ulitoka kiwandani. Beatrix, mwenye miaka 39, akavaa pete hata hivyo. Tarehe 25 Agosti, mwezi mmoja tu baada ya posa, Norman akafa kwa saratani ya damu.

Katika miezi hiyo hiyo ndipo alipokamilisha ununuzi wa Hill Top, kwa mapato ya vitabu na urithi mdogo wa shangazi yake. Hakuruhusiwa kuhamia. Binti asiyeolewa alipaswa kukaa na kuwatunza wazazi London, kwa hiyo alikuja kila alipoponyoka, siku mbili, wiki moja, akakagua nguruwe, akahesabu wana-kondoo, akachora, akarudi mjini. Katika miaka minane iliyofuata aliandika vitabu vyake vingi na vilivyo bora, kijiji hiki kikiwa ndani yake. Ukisimama mlangoni mwa Hill Top na kitabu mkononi, unaweza kunyoosha kidole: bustani ya mboga, lango, baa ya Tower Bank Arms pale jirani, zote zimo.

Ndani mna giza kidogo. Mna jiko la chuma la kale, kabati la mwaloni, saa ndefu ya kusimama, ngazi pana yenye pazia. Wageni wengi walikuwa wameshika kitabu cha mwaka 1908 kuhusu panya wawili wanaomkamata mtoto wa paka na kumviringisha ndani ya unga ili wampike. Wanalinganisha ukurasa na ngazi, ukurasa na kabati. Ni kweli, ni palepale. Na panya walikuwa wa kweli: alipoinunua nyumba alikuta wamejaa kwenye kuta, akapigana nao kwa paka na kwa kuziba matundu. Mtu mwingine angelalamika, akasahau. Yeye aliwachungulia vizuri kwanza.

Vile vyakula vya plasta alivyoleta Norman bado vipo, vimetengwa katika nyumba ya wanasesere. Paja la nguruwe jekundu, dogo kuliko kidole gumba. Nilikaa hapo kuliko mahali pengine.

Mpwa wangu alipenda zaidi bustani, kwa ajili ya bata. Hadithi ya bata huyu ni ya mwaka 1908 pia. Anatafuta mahali pa kuatamia mayai yake kwa amani, bwana mmoja mstaarabu mwenye ndevu za rangi ya mchanga na mkia mrefu anamkaribisha kibandani kwake, kisha anamtuma akachume viungo: kitunguu, majani haya, majani yale. Bata anachuma bila kujua kwamba ni viungo vya kumjazia yeye mwenyewe kabla ya kuokwa. Mbwa wa shamba anamwokoa. Halafu watoto wa mbwa, waliokuja pamoja naye kuokoa, wanayala mayai yote.

"Huyu mama hakuwa na huruma," alisema mpwa wangu, kwa sauti ya kusifu.

Nafikiri ameona sawa. Vikombe na soksi za mjini vimemfanya Beatrix Potter kuwa bibi mtamu wa sungura wenye koti. Soma vitabu vyenyewe: kila ukurasa mtu anakaribia kuliwa. Alikuwa mfugaji, alijua nguruwe anakwenda wapi akitoka shambani, na hakuona sababu ya kumdanganya mtoto. Wala huruma haikukosekana. Iko katika uchoraji, kwamba bata ni bata kweli, shingo na miguu yake ni ya bata, hata akivaa shali.

Kundi la wageni kutoka Japani liliingia tulipokuwa tunatoka. Huko anapendwa mno. Katika bustani ya wanyama ya Saitama wamejenga nakala ya nyumba hii, nzima.

Jumatatu. Hawkshead

Kijiji cha vichochoro, kuta nyeupe, magari marufuku katikati. Tulikwenda kwenye jengo la karne ya 17 ambalo sasa linaonyesha michoro yake ya asili. Zamani lilikuwa ofisi ya mawakili, W. H. Heelis na Mwanawe.

Beatrix aliingia hapa kama mteja. Alitaka kununua ardhi zaidi na hakutaka kupunjwa, kwa hiyo wakili William Heelis akawa anamwarifu kila shamba likiwekwa sokoni. Mwaka 1909 alimsaidia kununua Castle Farm, ng'ambo ya barabara kutoka Hill Top. Wakakagua mipaka pamoja, mabomba ya maji, mikataba. Mwaka 1912 William akamposa. Wazazi, London, wakakataa tena: wakili wa kijijini!

Hapo akatokea Bertram, yule mdogo wake, akasimama upande wa dada yake kwa kutoboa siri. Yeye mwenyewe alikuwa ameoa tangu mwaka 1902, zaidi ya miaka 10 nyuma, mwanamke wa Scotland, na wazazi hawakuambiwa. Najaribu kuwaza chakula cha usiku huo pale Bolton Gardens. Beatrix na William walifunga ndoa tarehe 15 Oktoba 1913, wakahamia Castle Cottage. Hill Top akaiacha ilivyo, chumba chake cha kazi na hazina ya vitu vyake. Hakuwahi kuishi humo na mumewe.

Kutoka hapo, vitabu vikapungua. Macho yalichoka, na kazi ya shamba ilimtaka. Watu wa huku walimwita Bi. Heelis, na aliyemwita Miss Potter aliambiwa kwamba huyo hayupo.

Michoro yenyewe ni midogo kuliko unavyodhani. Rangi ya maji, mistari ya wino, na nafasi nyeupe iliyoachwa bila woga. Mvua ikazidi; Wray Castle tukaitazama tu kupitia dirisha la basi.

Jumanne. Ambleside

Nilipomwambia mpwa wangu kwamba leo tunakwenda kuona uyoga, alijiandaa kwa kuchoka. Jumba la Armitt ni maktaba na makumbusho ndogo. Beatrix alilisaidia enzi za uhai wake na akaliachia michoro yake ya uyoga, mamia. Basi kama hujaiona, hujamjua.

Katika miaka yake ya ishirini, kabla ya sungura yeyote kuchapishwa, huyu alitaka kuwa mwanasayansi. Rafiki yake wa uyoga alikuwa Charles McIntosh, mpeleka barua wa Dunkeld aliyejifunza mimea akitembea na mfuko wa posta. Yeye alimtumia uyoga kwa posta, Beatrix akamrudishia michoro. Kila uyoga umechorwa mzima, kisha umepasuliwa uonekane ndani, kisha vijimbegu vyake kama vionekanavyo chini ya hadubini. Alifanikiwa kuviotesha vijimbegu hivyo jikoni, jambo ambalo wengi hapa Uingereza walikuwa hawajaliona.

Mjomba wake, Sir Henry Roscoe, mkemia mashuhuri, akampeleka bustani ya mimea ya Kew. Mkurugenzi hakumpa uzito. Akaandika matokeo yake hata hivyo, na tarehe 1 Aprili 1897 yakawasilishwa mbele ya Linnean Society ya London, jumuiya ya wataalamu wa mimea na wanyama. Hakuwepo. Wanawake hawakuruhusiwa kuhudhuria, na aliyeyawasilisha ni mtumishi wa Kew, George Massee. Karatasi ilirudishwa ikafanyiwe kazi zaidi, haikuchapishwa, na imepotea. Jumuiya hiyo ilikuja kukiri mwaka 1997, karne nzima baadaye, kwamba alitendewa visivyo.

Mtu anaweza kusema, afadhali. Wangempokea tusingepata vitabu. Mimi sipendi hesabu ya namna hiyo. Michoro ipo, na ni sahihi kiasi kwamba mwaka 1967 mtaalamu wa uyoga aliitumia katika kitabu cha kutambulishia aina zake. Mpwa wangu alikaa mbele ya uyoga mmoja mwekundu wenye madoa meupe, akatoa daftari lake, akaanza kuiga. Tulitoka walipofunga.

Jumatano. Troutbeck

Mwanga umerudi. Bonde la Troutbeck limekatwa katikati na kilima kiitwacho The Tongue, na chini yake kuna shamba la Troutbeck Park, karibu ekari 2,000. Bi. Heelis alilinunua mwaka 1923, wakati wajenzi walikuwa wanalinyemelea. Ardhi ilikuwa imechoka na kondoo walikuwa wanakufa kwa minyoo ya ini. Akajaribu dawa mpya, akapambana na ile minyoo, akaajiri wachungaji hodari. Mmoja wao, Tom Storey, alikuja kumsimamia kondoo wa Hill Top na kumshindia tuzo katika maonyesho ya mifugo, na inajulikana kwamba alimbishia tajiri wake waziwazi alipoona inafaa.

Kondoo hao ni Herdwick. Huzaliwa weusi tii, wanageuka hudhurungi, kisha kijivu, na uso unakuwa mweupe. Mei hii watoto weusi wanakimbizana chini ya mama wa kijivu na mgeni anadhani ni kabila mbili tofauti. Ni wagumu: wanakaa juu mlimani kwenye theluji. Kule juu hakuna ua. Kila kundi linajua eneo lake la malisho, mama anamfundisha mwanawe, mwanawe anamfundisha wake. Kwa hiyo shamba likiuzwa, kondoo hubaki na mlima. Ukiwaondoa wote huwezi kuleta wengine ukawaambia mpaka uko wapi.

Mfugaji tuliyemkuta akitengeneza ukuta alituonyesha alama za rangi mgongoni, nyekundu au bluu, na mkato wa sikio. Kila shamba na alama yake, na kipo kitabu cha wachungaji kilichoziorodhesha zote. Nikamweleza kwamba Wamaasai nao hukata masikio ya mifugo kwa alama ya ukoo. Aliuliza kwa kina mkato unakaa upande gani. Kisha akamfundisha mpwa wangu hesabu ya kale ya kondoo: yan, tan, tethera. Ameimba hivyo njia nzima.

Tajiri wa mashamba haya alitembea na mitalawanda miguuni, sketi nzito ya sufu ya Herdwick, na gunia mabegani siku za mvua. Husimuliwa kwamba siku moja njiani ombaomba alimsalimu akidhani ni mwenzake, akamhurumia kwa hali ya hewa mbaya kwa watu kama wao. Alilisimulia tukio hilo mwenyewe kwa furaha. Mwaka 1943 wafugaji wa Herdwick walimchagua awe rais wa chama chao. Alifariki kabla ya kushika kiti.

Alhamisi. Tarn Hows, na kurudi

Asubuhi ya mwisho tulizunguka Tarn Hows, kiziwa chenye misonobari ambacho kila kalenda ya Uingereza imekipiga picha. Watu hukidhania cha asili. Kilitengenezwa karne ya 19 kwa kuunganisha viziwa vidogo. Kilikuwa ndani ya milki ya Monk Coniston, ekari 4,000 hivi, iliyotangazwa kuuzwa karibu na mwaka 1930. National Trust haikuwa na fedha za haraka. Bi. Heelis akanunua yote, kisha akaiuzia nusu yake kwa bei ileile aliyonunulia, na kwa miaka kadhaa akaisimamia milki nzima, kodi, mapaa, mifereji, akigombana kwa barua na ofisi yao juu ya namna ya kukata miti.

Alifariki Castle Cottage tarehe 22 Desemba 1943. Wosia wake uliiachia National Trust zaidi ya ekari 4,000, mashamba 14, ng'ombe na kondoo. Humo aliagiza kwamba makundi ya mashamba ya milimani yabaki Herdwick halisi. Majivu yake Tom Storey aliyatawanya juu ya Hill Top, na mahali hapo pakabaki siri. Sijui kama yupo mwandishi mwingine wa watoto ambaye hati yake ya maana kuliko zote imeorodhesha kondoo.

Kwenye treni ya kurudi nilimweleza mwenzangu kwamba hakimiliki ya vitabu hivi ilikwisha Uingereza mwishoni mwa 2013, miaka 70 baada ya kifo cha mwandishi, na kwamba nimeanza kukitia kile cha kwanza katika Kiswahili, polepole, kwa ajili ya binamu zake wa Iringa. Akataka kusikia. Nikasoma mwanzo: mama sungura anawaaga wanawe, waende popote ila wasiingie bustani ya Bwana McGregor. Baba yenu alipatwa na ajali humo.

"Ajali gani?"

Nikasema hapo nafikiri kufupisha kidogo, kwani binamu zake wengine bado wadogo.

"Mjomba, si alitiwa kwenye pai?"

Kweli, Bibi McGregor alimtia kwenye pai. Akachukua kalamu ya rangi iliyobaki na uyoga wa juzi, akaandika neno hilo kwenye karatasi yangu, kubwa, akapiga mstari chini yake, akarudi kuhesabu kondoo wa dirishani: yan, tan, tethera.